JAMAA ALILIA JUKWAANI, UKUMBI UKALIPUKA... BOSI AKATAKA ALIE TENA JUMAMOSI!

Haya wadau, leo kuna stori ya kijana mmoja wa gitaa hapa hapa Dar. Jina lake halitatajwa, baa haitatajwa, na bosi wake atabaki kuwa bosi tu. Ishu hapa si majina. Ishu ni swali moja ambalo kila mpenda muziki wa laivu anatakiwa ajiulize: msanii akilia jukwaani, yale machozi ni ya nani? Yake, au ya aliyelipa kiingilio?

Jamaa ni mtoto wa Morogoro. Moro ni mji wa gitaa toka enzi, ndiko alikotamba marehemu Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, lakini huyu dogo hakuangukia kwenye dansi wala kwenye Bongo Fleva. Aliangukia kwenye roki. Ile ile ambayo ukiifungulia mtaani majirani wanaulizana kama umeanza kuabudu mashetani.

Yote yalianza na flashi. Binamu yake alitoka Dar na flashi imejaa muvi, na katikati ya muvi za kivita kulikuwa na video moja ya shoo ya wazungu wamekaa kwenye viti. Jamaa alikuwa kidato cha pili. Alidhani ni video ya kanisani, maana jukwaa lilikuwa na maua meupe na mishumaa. Akataka kuifuta apate nafasi ya muvi nyingine. Hakuifuta.

Hiyo ilikuwa shoo ya Nirvana, ile waliyorekodi MTV pale New York tarehe 18 Novemba 1993. Kwa ambao hawaijui, ngoja iwekwe wazi kidogo. Wakati ule Nirvana ilikuwa moja ya bendi kubwa kabisa duniani, bendi ya makelele, gitaa la umeme, drams za kuvunja masikio. Kipindi chenyewe kilikuwa cha kupiga gitaa kavu. Waliokiandaa walitegemea kusikia hiti. Kurt Cobain, mwimbaji wao, akaja na orodha yake: nyimbo 14, na 6 kati ya hizo si zao kabisa. Kuna ya David Bowie, kuna 3 za kundi la Meat Puppets ambalo watazamaji wengi hawakulijua, na ya kufungia ilikuwa wimbo wa zamani sana wa Kimarekani ambao Cobain aliupata kwa Lead Belly, mzee mweusi wa gitaa aliyefariki 1949. Ule wimbo uliowapa jina dunia nzima, hakuupiga.

Yale maua na mishumaa mieusi ni yeye mwenyewe aliyeviagiza. Mtayarishaji alipomuuliza kama anataka pafanane na msibani, akakubali kwamba hivyo hivyo ndivyo anavyotaka.

Sasa ule wimbo wa mwisho. Anauanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mwenzake kitandani. Halafu unapanda. Kufikia mwisho sauti imekwaruza, imepasuka, anapiga kelele kama koo linachanika. Halafu kabla hajamalizia maneno ya mwisho anasimama, anavuta pumzi, anafungua macho. Sekunde moja tu. Kila aliyeiona ile video anaikumbuka ile sekunde.

Jamaa aliirudia kama mara kumi siku hiyo. Mama yake alikuwa nje anachambua mchele. Mama wa watu alikuwa mama lishe, anauza wali maharage karibu na stendi ya Msamvu, Kiingereza chake kinaishia kwenye "gudi moning". Akaacha ungo, akachungulia mlangoni, akauliza:

"Huyo mtoto amefiwa na nani?"

Jamaa akacheka. "Hajafiwa mama, anaimba tu."

Mama akatikisa kichwa. "Haya. Lakini huyo kafiwa." Akarudi kwenye mchele wake.

Hilo ndilo lililomfanya atafute gitaa. Si umaarufu, si madem. Alitaka kujua mtu anafanyaje mpaka mama wa Msamvu asiyejua lugha, asiyejua bendi, asiyependa hata hayo makelele, asikie kuna kitu pale.

Miaka ikaenda. Form four ikapita na matokeo yake ya kawaida, jamaa akatua Dar, akahangaika, mpaka akaingia kwenye bendi ya watu wanne inayopiga kopi kwenye baa moja ya upande wa Masaki. Wateja ni mchanganyiko, wazungu wa ofisini, Wabongo waliosoma nje, na wapita njia waliofuata kuku. Mpiga besi ni mzee wa makamo aliyepitia bendi kadhaa za dansi, mtu asiyeongea sana. Malipo ni Sh 30,000 kwa usiku, kila Jumamosi, pamoja na soda mbili. Wimbo wa kufungia ulikuwa ule ule wa kwenye flashi. Aliupiga vizuri. Watu walipiga makofi ya adabu, wakaendelea na kuku wao.

Halafu mama akafariki.

Ilikuwa ghafla, presha. Jamaa alipanda basi la alfajiri, akamkuta ameshalazwa mochwari. Jeneza, gari, turubai, viti, chakula cha waombolezaji, vyote vikagawanywa kwa watoto, na fungu lake likawa Sh 400,000 ambazo hakuwa nazo. Akazikopa kwenye kikoba cha mama mwenye nyumba wake. Wakazika, wakaanua tanga, Ijumaa akarudi Dar. Jumamosi akaenda kazini kwa sababu mbili: hakuwa na pa kwenda kingine, na kikoba hakijui msiba.

Usiku ule alipiga shoo kama mashine mpaka wimbo wa mwisho. Akauanza chini kama kawaida. Ulipoanza kupanda, akausikia ule mchele. Si mfano, aliusikia kabisa, sauti ya ungo. Koo likafunga. Alipofungua mdomo kilichotoka hakikuwa wimbo, kilikuwa kilio cha mtoto mkubwa mbele ya maiki. Maneno yakapotea, gitaa likanyamaza. Besi tu ndiyo iliendelea, taratibu, mzee akizunguka pale pale mpaka dogo alipopata pumzi akamalizia.

Ukumbi ulikuwa kimya. Halafu ukalipuka! Watu wakasimama juu ya viti. Wakaja kumtuza noti. Simu juu kila kona. Dada mmoja alilia mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Asubuhi kipande cha video kilikuwa kinazunguka kwenye magrupu na kwenye stetasi, kina maneno "huu ndio muziki, achana na wale wa kuweka CD na kuchezesha midomo".

Na hapo walikuwa sahihi. Wabongo wameshachoka kulipa kiingilio halafu msanii anarukaruka huku wimbo unajiimba wenyewe. Mtu akipasuka kweli mbele yako, unajua. Mwili wako unajua kabla ya kichwa.

Jumanne bosi akapiga simu. Kwanza pole ya msiba. Halafu:

"Msanii, ile ya Jumamosi ilikuwa noma. Wiki hii natengeneza tangazo, Usiku wa Hisia. Wewe nitakupa elfu themanini. Ila ile pale mwisho, ile ile, usiniangushe."

"Bosi, ile..."

"Ile ile, mdogo wangu."

Elfu themanini. Hapo piga hesabu ya kikoba kichwani. Jamaa akasema sawa bosi.

Jumamosi ya pili baa ilifurika. Alipofika kwenye ule wimbo akafanya makusudi, akamtafuta mama kichwani. Akamvuta kwa nguvu, sura yake, kanga yake, mikono yake. Hakuja. Kichwani kulikuwa na Sh 80,000 na uso wa bosi pale kaunta. Basi pale pale palipopasuka wiki iliyopita, jamaa akapapasua mwenyewe. Akakwaruza sauti, akaacha gitaa, akafunika uso kwa mkono, akatikisa mabega.

Na hapa ndipo penye maumivu yenyewe, wadau. Walishangilia kuliko mara ya kwanza.

Saa nane usiku wakiwa nje kwenye kibanda cha chipsi, mzee wa besi akala mpaka akamaliza, akafuta mikono.

"Dogo."

"Naam mzee."

"Wiki iliyopita ulilia. Leo umeigiza mtu anayelia."

"Nina deni la msiba, mzee."

"Najua. Sijakulaumu. Nimesema tu nimeona." Akapanda bodaboda akaondoka.

Jamaa hakulala. Aliwaza kwamba amemuuza mama yake kwa elfu themanini. Akafungua simu, akamrudia Cobain, akaanza kumsoma vizuri, na akakuta mambo mawili ambayo hakuyajua utotoni. La kwanza, baada ya ule wimbo wa mwisho watayarishaji walimwomba aongeze mwingine. Akakataa. Alisema hawezi kuupita ule aliomaliza nao. Kamera za televisheni zinasubiri, wakubwa wanasubiri, mtu anasema imetosha, anaenda zake.

La pili lilimuuma zaidi. Tarehe 5 Aprili 1994, haijafika hata miezi mitano baada ya ile shoo, Cobain alijiua. Alikuwa na miaka 27, mke na mtoto mdogo. Albamu ya shoo ikatoka Novemba ya mwaka huo, ikashika namba 1 Marekani, ikaja kuchukua Grammy mwaka 1996. Ile sweta aliyovaa, yenye tundu la sigara na ambayo haikuwahi kufuliwa, iliuzwa kwa mnada mwaka 2019 kwa dola 334,000. Gitaa lake la siku ile likauzwa mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 6. Ile sweta tu ingelipa kikoba cha mama mwenye nyumba mara ngapi? Na mwenye maumivu yake hayupo.

Kwa hiyo jamaa akafikia uamuzi kwamba kitu cha kweli kinatokea mara moja tu, kikirudiwa ni uongo. Akapanga kuacha ule wimbo, pengine kuacha na bendi.

Lakini simu ukiifungua usiku haikuachi. Kutoka kwa Cobain ikampeleka kwa Janis Joplin, tamasha la Monterey, California, Juni 1967. Mwanadada wa Texas, wakati huo hajulikani nje ya San Francisco, anaimba bluzi ya Big Mama Thornton kana kwamba kuna mtu anamng'oa jino bila ganzi. Anakanyaga sakafu, sauti inakatika inarudi. Kamera inamkuta mwimbaji Cass Elliot kakaa kwa watazamaji, mdomo wazi kabisa, hana neno. Jamaa nywele zikamsimama. Akasema, ona, hii ni mara moja tu katika maisha.

Akasoma. Wapi! Janis na bendi yake walishapanda jukwaani Jumamosi na kuwatoa watu roho, ila siku ile hawakurekodiwa kwa kamera, meneja wao hakutaka. Wakapewa nafasi nyingine Jumapili ili filamu iwapate. Kile dunia inachokiona mpaka leo ni mara ya pili. Ni marudio!

Jamaa akakaa kitandani. Sasa inakuwaje? Na yule Cobain mwenyewe, si alipanga maua? Si alichagua nyimbo, si walifanya mazoezi? Gitaa lenyewe kavu alilipitisha kwenye amplifaya kwa sababu alitaka liwe na sauti fulani. Na ukiiangalia ile video bila kujua yaliyofuata, katikati ya nyimbo jamaa anatania, watu wanacheka. Alijiandaa kama fundi, na bado mama wa Msamvu alisikia msiba.

Ndipo akamkumbuka shangazi.

Yeyote aliyewahi kukaa msibani anamjua huyu shangazi. Kila gari likifika, kila kundi jipya la wageni likiingia getini, analia upya. Analia kwa sauti, anamtaja marehemu, anajitupa mikononi mwa mgeni. Dakika kumi baadaye yuko jikoni anauliza nani kaweka chumvi nyingi hivi kwenye maharage. Gari jingine, kilio kingine. Vijana wanamcheka chini chini, wanasema shangazi anaigiza.

Haigizi. Mgeni anapoingia, anakuja na sehemu yake ya marehemu. Huyu alisoma naye, huyu aliuza naye vitumbua, huyu alimkopesha kanga ya harusi. Kila anayeingia, shangazi anafiwa tena kwa namna yake. Analia mara ishirini na zote ni za kweli. Ila hebu jaribu kumwambia, "Shangazi, saa kumi kuna mgeni wa maana anakuja, hapo ulie vizuri kidogo." Atakutukana, na atakuwa na haki.

Hapo jamaa akaona tofauti. Kosa lake halikuwa kurudia. Kosa ni kwamba Jumamosi ya pili alimlilia bosi. Mama hakuwemo mle ndani, na mwenyewe hakuwemo. Cobain alikataa kurudia, Janis alirudia, na wote wawili walikuwa kweli, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaufuata wimbo na si tangazo la mlangoni.

Jumamosi ya tatu akawahi, akamkuta bosi kaunta.

"Shikamoo bosi. Ule wimbo tutaupiga. Ila hautakuwa wa mwisho, utakuwa wa tatu, na lile tangazo naomba litoke."

Bosi akamwangalia kwa muda. "Na elfu themanini nayo inatoka."

"Sawa bosi."

Mpiga drams alimnunia wiki nzima, maana watu wakijaa na yeye anapata cha juu. Usiku ule jamaa aliuimba wimbo ulivyo. Chozi halikuja, hakulitafuta. Meza moja iliyokuja kwa ajili ya ile video ikaanza kunong'ona, mpaka mshikaji mmoja akapiga kelele, "Lia basi!" Wenzake wakacheka. Jamaa alitabasamu tu, akamalizia, akaingia wimbo wa nne. Akaondoka na Sh 30,000 na soda zake mbili. Wiki mbili mbele ile meza haikuonekana tena. Deni la kikoba lilichukua mpaka Desemba kuisha, riba juu.

Kabla ya hapo, kulikuwa na Jumamosi moja ya mvua, ile mvua ya Dar ya kufunga barabara. Baa ilikuwa na wateja saba. Wawili walikuwa wamelala. Bendi ikapiga hivyo hivyo, maana mkataba ni mkataba. Kwenye wimbo wa tatu, mpishi kule nyuma akatupia vitunguu kwenye mafuta. Harufu ikaja mpaka jukwaani, harufu ya saa kumi na moja alfajiri nyumbani, mama anaanza biashara.

Sauti ikaondoka.

Safari hii jamaa hakuikabili maiki. Aligeuka, akawapa wateja mgongo, akatazama amplifaya, mabega yametulia kabisa. Aliyekuwa mbali angedhani anarekebisha nyuzi. Hakuna simu iliyonyanyuka. Mzee wa besi peke yake ndiye aliyemwona uso, na mzee hakusema neno, akaushika mzunguko ule ule, mara moja, mara mbili, mara nne, anamngoja. Dogo akafuta uso kwa kiwiko, akageuka, akamalizia.

Wateja saba. Mmoja alipiga makofi.

Jamaa bado yupo, bado anapiga kila Jumamosi, na wimbo bado ni wa tatu. Kuna siku unampata na kuna siku haumpati. Ukienda, nenda kusikiliza.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Msanii anayerudia maumivu yale yale kila wikendi, ni mkweli au ni mwigizaji? Na wewe uliyelipa kiingilio, una haki ya kumdai machozi? Tiririka hapo chini, matusi hapana.